Macho Yangu Hayakutazama Skrini

Alhamisi jioni, Lufingo.

Mvua ilianza kabla hakujapambazuka na mpaka sasa haijapumzika. Bati linapiga kelele kiasi kwamba siisikii vizuri laptop ikinisomea ninachoandika, kwa hiyo kama leo kuna herufi zimekaa vibaya, sababu ndiyo hiyo. Baridi imeingia mpaka kwenye vidole.

Nimekasirika. Naliandika hili mapema ili nikifika mwisho nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa na huzuni tu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Atupele, ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiswahili na Historia, na sioni kabisa. Surua ilinichukulia macho nikiwa na miaka minne. Nilisoma kwa nukta nundu mpaka nikapata stashahada, na huu ni mwaka wa pili nasomea shahada ya ualimu kwa njia ya mtandao, katika chuo ambacho sitakitaja jina. Nasoma kwa msaada wa programu iliyomo kwenye laptop, inayonitamkia kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kiswahili haikijui. Inakisoma kwa lafudhi ya Kizungu, haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa na nyuki, lakini nimeizoea, na naielewa kuliko ninavyowaelewa baadhi ya wahadhiri wangu.

Leo saa nane mchana nimesimama mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Nasema nimesimama, lakini nilikuwa nimekaa kitandani, laptop juu ya mto, nikiulizwa kwa nini niliibia mtihani.

Sikuibia mtihani.

Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu zilizopita, somo la Saikolojia ya Elimu. Mitihani yetu tunaifanyia nyumbani, mbele ya kamera. Kuna programu maalumu inayolinda mtihani: inakutazama usoni, inasikiliza chumba, na chochote inachokitilia shaka inakiandika. Kanuni zake nilizijua. Mtahiniwa atazame skrini muda wote. Asivae hedifoni. Kusisikike sauti ya mtu mwingine chumbani.

Zisome tena hizo kanuni ukiwa umekaa nilipokaa mimi. Macho yangu hayatulii, yanazunguka yenyewe tangu nilipougua. Siwezi kuyaelekeza kwenye skrini kwa sababu hata sijui saa hizi yameelekea wapi. Nikivua hedifoni, programu yangu inabidi isome kwa spika, nyumba nzima isikie. Na ikisoma kwa spika, tayari kuna sauti ya mtu mwingine chumbani.

Jambo hilo nililijua mapema. Mwezi mzima kabla ya mtihani niliiandikia ofisi ya mitihani barua pepe, nikaeleza kila kitu, nikauliza nifanyeje. Leo nimeirudia barua ile na nimeona aibu. Nimeomba samahani kwa usumbufu mara tatu ndani ya ukurasa mmoja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mstari mmoja tu: maelekezo ya mtihani ni yale yale kwa wanafunzi wote.

Basi nikafanya kama wote. Nikavua hedifoni, nikamwomba Mama awafungie kuku na asiingie chumbani, nikawasha kamera. Programu ikanisomea maswali kwa sauti, nami nikajibu. Swali la nne lilitaka nitazame mchoro kisha nieleze hatua zilizoonyeshwa. Ilipofika kwenye mchoro, programu yangu ilitamka neno moja: picha. Haikuwa na jingine la kusema, kwa sababu aliyeuweka mchoro ule hakuandika hata sentensi moja ya kueleza una nini. Nikaruka. Muda ukaniishia katikati ya sentensi ya swali la mwisho, maana kulisikiliza swali refu mara mbili si sawa na kulipitia kwa macho. Nilifunga laptop nikijua kwamba hata hivyo nimefaulu. Saikolojia ya Elimu naijua.

Jumatatu ya wiki iliyopita ikaja barua ya chuo. Mtu aliichapa, akaigonga muhuri, akaipiga picha kwa simu, akanitumia hiyo picha. Nikaifungua na programu ikaniambia kile ilichojua kuniambia.

Sikutaka kumpa mwalimu mwenzangu simu anisomee, maana sikujua ina nini na chumba cha walimu hakina siri. Nikapanda bodaboda mpaka Tukuyu mjini, kwa Salma mwenye duka la steshenari. Babu yake Salma alikuja huku kutoka pwani, fundi cherehani, na yeye kazaliwa hapa hapa. Kwa miaka miwili sasa yeye ndiye anayenisomea mambo ya chuo yanayokuja kwa picha, na hajawahi kunifanya nijione mzigo.

Alianza kusoma kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kushindana na mashine ya fotokopi. "Yahusu: tuhuma za..." Akanyamaza.

"Endelea, dada Salma."

"Mwalimu, ngoja niwamalize hawa wateja kwanza."

"Wewe soma tu."

Akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye mtandio wake, akasoma kwa kunong'ona. Tuhuma za udanganyifu katika mtihani. Mtahiniwa hakutazama skrini kwa sehemu kubwa ya mtihani. Sauti ya mtu wa pili ilisikika ikimsomea. Matokeo yamezuiwa. Afike mbele ya kamati ya nidhamu.

"Hakutazama skrini," Salma akarudia, na safari hii hakunong'ona. "Hawa watu wanajua wanamwandikia nani?"

Lakini neno udanganyifu lilikuwa limeshatoka, na kunong'ona ndani ya duka dogo lenye watu wanne hakufichi kitu. Mmoja wao alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Aliniaga alipokuwa anatoka, na kuaga kwake kulikuwa kufupi kuliko nilivyozoea. Jumapili kanisani, nilipofika kwenye benchi la kwaya, mazungumzo yalikatika. Usipoona unajifunza kuupima ukimya. Ule haukuwa ukimya wa kumpisha mtu akae.

Kwa mashine sina hasira. Ilitengenezwa ihesabu macho, ikahesabu. Lakini kuna mtu mwenye macho mazima aliyeichukua ripoti ya mashine, akaiona sura yangu kwenye video, akaandika barua, akasaini. Kwenye fomu yangu ya kujiunga kuna sehemu ya kuandika ulemavu, na niliijaza. Siku ya kupokea wanafunzi wapya walinipiga picha na fimbo yangu nyeupe wakaitumia kwenye matangazo yao mtandaoni, na chini yake wakaandika kwamba chuo chao ni cha watu wote. Salma ndiye aliyeniambia nimependeza.

Kwa hiyo kwenye tangazo walikuwa wanajua sioni. Kwenye mtihani wakasahau.

Kuna jambo jingine sijawahi kuliandika hapa, na leo sina haki ya kuendelea kulificha.

Mwaka jana kwenye kundi letu la darasa la WhatsApp alikuwemo Ezekia, mwalimu wa shule ya msingi kule Kisiba. Ezekia ni kiziwi. Mimi na yeye tulielewana kirahisi kuliko watu wengi wanavyodhani: yeye anaandika, simu inanisomea, mimi naandika, yeye anasoma. Mihadhara ya muhula ule ilikuwa video za saa nzima, mhadhiri anaongea tu, hakuna neno lililoandikwa chini. Ezekia akaandika kwenye kundi, mhadhiri akiwemo, akaomba video ziwekewe maandishi. Akamalizia kwa kuomba yeyote anayemuunga mkono aseme.

Niliusikiliza ujumbe ule mara mbili.

Sikuandika kitu.

Nilijiambia kwamba mimi video zinanitosha, masikio yangu ni mazima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejipatia jina la mwanafunzi asiyesumbua, na jina hilo nililipenda. Wahadhiri walikuwa wakinisifu mbele ya wenzangu: mwangalieni Atupele, pamoja na hali yake, hajawahi kulalamika. Niliogopa nikisimama upande wa Ezekia tutawekwa fungu moja, fungu la walemavu wenye madai. Mhadhiri akajibu kwamba atalifikisha panapohusika. Muhula ulipoisha, simu ilinitamkia kwamba Ezekia ameondoka kwenye kundi. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Nirudi kwenye leo.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Mwenyekiti, mtaalamu wa kompyuta wa chuo, na Katibu. Mwenyekiti ana sauti ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mwalimu Atupele, pole na mvua za huko. Hali yako tunaielewa. Kamati imekaa, imetafakari, na imeona ikusamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Tangu jana nilikuwa nikijisomea hoja zangu kichwani, na sasa hakuna aliyetaka kuzisikia.

"Nashukuru, Mwenyekiti," nikasema. "Naomba kujua nimesamehewa kosa gani."

Mtaalamu akaingilia. Anaongea haraka. "Mfumo ulirekodi sauti ya mtu wa pili, Mwalimu. Ipo. Tumeisikiliza wote."

"Ni hii?"

Nikachomoa hedifoni, nikaiacha programu isome kilichokuwepo kwenye skrini. Ikasoma majina yao mmoja mmoja kwa lafudhi yake, na ilipofika kwa Mwenyekiti ikalivuruga jina lake kabisa.

"Ndiyo hiyo," mtaalamu akasema. Halafu akarudia, polepole sasa, "Ndiyo hiyo. Ila kwa nini siku ile hukuvaa hedifoni?"

"Namwomba Katibu atusomee kanuni ya hedifoni."

Katibu ni mama mmoja ambaye tangu salamu hakuwa amesema neno. Akasoma. Hedifoni haziruhusiwi kwa mtahiniwa yeyote.

"Ungetujulisha mapema," Mwenyekiti akasema. "Chuo kina huruma, Mwalimu. Tatizo lenu hamsemi."

Nikaitafuta ile barua pepe, nikaiacha programu iisome yote mbele yao, tarehe yake, maelezo yangu, samahani zangu zote tatu, na lile jibu la mstari mmoja. Ilichukua kama dakika tano.

"Nilijibu mimi," Katibu akasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Hiyo barua nilijibu mimi. Siku hiyo zilikuwa nyingi. Sikuisoma mpaka mwisho."

Nikadhani yamekwisha. Mwenyekiti akakohoa, akasema hayo ni mambo ya ndani ya ofisi na yatashughulikiwa, na kwa sasa tusipoteze muda. Kuna fomu fupi, akasema. Nisaini kwamba taratibu za mtihani zilikiukwa na kwamba naomba radhi, kisha matokeo yangu yataachiwa na faili litafungwa. "Ni utaratibu tu, Mwalimu. Tulimalize kiungwana."

Fomu ikatumwa pale pale. Nikaifungua mbele yao, spika ikiwa bado wazi.

"Picha," programu ikasema.

Mtaalamu alivuta pumzi. Nilimsikia. Mwenyekiti sidhani kama alielewa.

"Mwenyekiti," nikasema, "siwezi kusaini karatasi nisiyoweza kuisoma. Na hata mkinisomea, sitasaini. Kanuni zenu nilizifuata zote isipokuwa ile inayohitaji macho."

"Basi matokeo yataendelea kuzuiwa mpaka kikao kijacho. Na hicho ni baada ya likizo. Unaweza kujikuta unarudia mwaka. Lifikirie hilo."

"Nimeshalifikiria."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu jasiri. Mkutano ulipofungwa nilikaa pale pale kitandani, na kwa muda mrefu sikuweza hata kuinuka kwenda kunywa maji.

Chumba changu na sebule vimetenganishwa kwa mbao. Mama alikuwa upande wa pili anapukuchua maharage na alisikia kila kitu. Mama anaongea Kinyakyusa siku zote, Kiswahili anakiazima anapokihitaji, na kwa jambo hili alikihitaji.

"Saini, mwana gwangu. Wamesema wamesamehe. Yaishe."

"Nikisaini, Mama, nimekubali kwamba niliibia."

"Nani atalisoma hilo karatasi?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mambo ya chuo yeye hayajui. Naliandika na hili, maana si haki niandike makosa ya kamati peke yake. Mama huyu ndiye aliyenishika mkono akanizungusha ofisi kwa ofisi kutafuta shule ya kunipokea, na kila mlango aliambiwa aje wiki ijayo. Huko ndiko alikojifunza kwamba mkubwa akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili kabla hajabadili mawazo. Hakuna aliyemwambia kwamba kingine kinaweza kukataliwa.

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo. Baadaye akauliza, "Hao watu wanajua huoni?"

"Wanajua."

"Walikuona? Kwenye hiyo kamera yao?"

"Walinitazama mtihani mzima. Ndivyo walivyojua kwamba macho yangu hayatulii."

Akaacha kupukuchua.

"Ee Kyala," akasema kwa sauti ya chini, akimwita Mungu. "Kumbe wamekushtaki upofu."

Tangu barua ije nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo hili, nimejaza kurasa za hoja, na Mama kalisema kwa maneno matatu, mkono ukiwa bado kwenye ungo. Kisha akatangaza kwamba Jumapili, wakati wa matangazo, atasimama kanisani yeye mwenyewe, aseme binti yake hakuibia kitu, na ambaye hajaelewa aje nyumbani aelezwe vizuri. Nimemwomba asifanye hivyo. Sidhani kama atanisikiliza. Sina hakika kama nataka anisikilize.

Saa kumi na moja simu ikaita, namba nisiyoijua. Alikuwa Katibu.

"Mwalimu, hapa naongea mimi, si ofisi."

Akaniambia ataandika maelezo yake kwamba nilitoa taarifa mapema na kwamba aliyejibu ni yeye, na atayaweka kwenye faili langu hata kama Mwenyekiti hatapenda. Nikamshukuru, na nilimaanisha. Si jambo dogo mtu kujiandikia kosa lake kwenye faili la mwingine. Kisha akauliza, nadhani kwa nia njema, "Kwani wenzako wengine wenye ulemavu huwa wanafanyaje?"

"Wenzangu gani? Tulianza wanne. Nimebaki mimi."

"Sikujua," akasema.

Neno hilo limenichoma kuliko vitisho vyote vya Mwenyekiti. Majina yetu manne yako kwenye ofisi yake. Fomu tulizijaza. Watu watatu wakatoka mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenyanyua simu kuuliza wamekwenda wapi. Na kabla sijamaliza kumkasirikia nikakumbuka kwamba na mimi sikunyanyua simu.

Nimemwandikia Ezekia. Sikujieleza sana. Nilimwambia kwamba mwaka jana ujumbe wake niliusikia nikanyamaza, kwamba nilinyamaza kwa kuogopa jina langu, na kwamba nilimkosea. Nikamweleza yaliyonipata.

Jibu limekuja baada ya saa nzima. "Nakumbuka. Nilisubiri siku mbili. Hakuna aliyejibu." Kisha, baada ya muda, jingine: "Sijui kama nataka kurudi. Lakini ukiwaandikia, zitaje video."

Hakusema yameisha kati yetu. Nisingemwamini kama angesema.

Nimewaandikia. Barua imekwenda ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, nakala kwa kamati, kwa maandishi ambayo kila mtu anaweza kuyasoma. Nimetaka tuhuma zifutwe kwa kuwa hazikuwa na msingi, na isiandikwe popote kwamba nimehurumiwa. Nimetaka niruhusiwe hedifoni na niongezewe muda. Nimetaka michoro iandikiwe maelezo, video ziwekewe maandishi, na ofisi zao ziache kututumia barua kwa picha. Nimemtaja Ezekia kwa ruhusa yake, na nimeuliza wale wengine wawili wako wapi. Nilitaka kuandika mengi zaidi na kwa ukali zaidi. Nimeyafuta. Hasira nimeibakiza hapa, ambako haihitaji kujibiwa.

Naogopa, nisifiche. Nina miaka thelathini na sita, na kurudia mwaka si mchezo. Yawezekana Mwenyekiti akashikilia fomu yake, na mimi nikashikilia jibu langu, na muhula ukapita hivyo hivyo. Yawezekana mwezi ujao nikajilaumu. Je, nitaweza kuendelea kukataa baridi ya leo ikishaondoka na hasira ikishapoa? Sijui. Usiku huu naweza.

Kesho nina vipindi vitatu vya kidato cha pili, na bila shaka yupo mtoto aliyesikia kitu kwa mzazi wake. Akiuliza nitamjibu, mbele ya darasa zima. Nitaingia mle ndani nikiwa bado sijasamehewa.